Jiwe Lenye Jina la Mama

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita niliwaachia mama yangu akishuka garini mbele ya Maktaba ya Rais, na jiwe la kaburi likiwa limeshafunuliwa turubai. Nilitaka kukimbia, lakini viatu nilivyovaa siku ile havikuwa vya kukimbilia.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Marlys Tesarik, binti wa Rais mstaafu Orval Tesarik. Ndiyo, yule wa muhula mmoja. Nina miaka arobaini na miwili, nimeachika mara moja, nimefukuzwa kazi mara tatu. Tangu wananchi wamwangushe baba kwenye uchaguzi, nalala huku Nebraska katika kitanda nilicholalia nikiwa darasa la sita, chini ya picha ya farasi. Kwenye Maktaba ya baba, jumba la kumbukumbu za utawala wake, nina cheo. Naitwa mratibu wa familia. Maana yake napeleka maneno ya baba kwa mama, na ya mama kwa baba.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Miaka mitatu iliyopita bodi ya Maktaba ilitaka kujua kama mama atakubali kuzikwa na baba katika bustani ya Maktaba, kama walivyolala marais wengi na wake zao. Nilimwuliza mama akiwa anapanda vitunguu. Akasema, "Hapana," akaendelea kupanda. Nikarudi kwa baba na jibu langu mkononi. Nilimkuta kavaa suti na tai, anakula nafaka za maziwa mbele ya televisheni iliyozimwa. Ilikuwa wiki ya kumi na moja tangu atoke Ikulu, na hakuna mtu aliyekuwa amempigia simu tangu Jumanne.

Nikamwambia, "Mama kakubali."

Maneno mawili tu. Sasa yalikuwa yamechongwa kwenye granaiti.

Mama alilizunguka jiwe lile polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Upande wa baba palikuwa na jina, cheo, na mistari minne ya mambo aliyoyafanya, pamoja na mswada fulani wa mabwawa ambao hata mimi siukumbuki. Upande wa mama paliandikwa LORNA, MKEWE MPENDWA, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu patupu.

Mama akaweka kidole juu ya kile kistari.

"Hiki ndicho mimi?" akauliza.

Mwashi akaeleza kwa adabu kwamba mwaka wa mwisho huongezwa baadaye, wakati wake ukifika. Mama akamwambia asiharakishe. Kisha akamgeukia baba na kutaka kujua ni nani aliyekubali jambo hili kwa niaba yake. Baba, maskini, alikuwa bado anatabasamu. Akasema Marlys ndiye aliyeleta jibu.

Watu wote wakanitazama: msanifu majengo, mwenyekiti wa bodi, walinzi sita, na mpiga picha mmoja. Nikafungua mdomo.

"Basi hakuna tatizo," mama akasema. "Jiwe lipo, na Marlys yupo. Mzikeni yeye."

Akarudi garini, akawaambia walinzi wake wampeleke kwa mdogo wake, mama mdogo Ardith. Hakurudi nyumbani siku ile, wala kesho yake. Siku ile ya jiwe ilikuwa Jumatatu. Uzinduzi wa Maktaba ulikuwa Jumapili, na magavana wanne walikuwa wameshathibitisha kuja.

Baba alichukulia jambo hilo kama ziara ya kiserikali. Mtu akiuliza, alijibu kwamba Lorna yuko safarini. Safari yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mashamba mawili. Ukisimama kwenye baraza letu unaona paa la Ardith.

Ndani ya nyumba mambo yalikwenda mrama. Baba aliwahi kuongoza majeshi ya nchi kavu na ya majini, lakini yai lilimshinda. Jumanne alilitia kwenye sufuria bila maji. Jumatano akatia maji, akasahau yai. Mimi mwenyewe si mpishi, kwa hiyo tukala runza za kununua, ile mikate ya nyama na kabichi, asubuhi na jioni mpaka harufu ya kabichi ikaingia kwenye mapazia.

Kuzungumza kwa simu walikataa wote wawili. Wakawa wanatumia walinzi. Kila mlinzi ana redio ya mkononi, na kwenye redio baba huitwa Kinu, mama huitwa Mbayuwayu. Nikiwa jikoni nasikia: "Mbayuwayu anauliza miwani yake ya kusomea iko wapi." Baba anajibu bila kuinua macho kwenye gazeti kwamba iko juu ya friji. Dakika mbili, redio inakoroma tena: "Mbayuwayu anasema juu ya friji alishatazama kabla ya kuondoka." Baba anasema atazame pochi yake. Halafu: "Mbayuwayu ameipata. Hasemi asante."

Mkuu wa walinzi wa baba anaitwa Dewey Pruitt. Ni mtu mrefu, mpole, amekuwa nasi miaka saba, na sijawahi kumwona akilalamika. Jumatano jioni alikuja akasimama mbele ya baba, mikono nyuma.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nilifunzwa kuzuia risasi. Ugomvi wa ndoa sikufunzwa."

Baba akamwomba radhi. Lakini redio haikunyamaza.

Alhamisi asubuhi niliamka nimeamua. Ndugu msomaji, mwongo huwa na siku moja ya ujasiri katika maisha yake, na kama hakuitumia mapema inachacha kama maziwa. Nilimkuta baba mezani anapitia hotuba yake ya Jumapili kwa kalamu nyekundu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasema yote: vitunguu, "hapana" ya mama, nafaka za maziwa, suti, televisheni. Sikujitetea. Nilisema nilimwonea huruma, na kwamba huruma yangu ndiyo imemwondoa mkewe nyumbani.

Baba alimaliza kukata sentensi moja, akaifunika kalamu.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Marlys, nimekaa katika siasa miaka thelathini na minne. Nimedanganywa na mabalozi, wakuu wa majeshi na maseneta wa chama changu mwenyewe. Unadhani wewe utanishinda kwa maneno mawili? Ulipoingia mlangoni ulikuwa umeshika kitasa kama mtu aliyeshika nyoka."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Baba akaangalia nje, upande wa paa la Ardith. Akasema kwamba mtu akikuletea jibu ulilokuwa unalitaka, huulizi limetoka wapi. Akasema hivyo ndivyo alivyopoteza pia uchaguzi. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema: kwamba katika miaka yote ile hakumbuki kama kuna siku alimwuliza mama swali lolote kubwa mwenyewe, kwa mdomo wake. Kugombea useneta, alimtuma wakili wake. Kugombea urais, mama alisoma gazetini.

Akasimama. Akasema anakwenda kumwuliza.

Pruitt akasema atatayarisha gari. Baba akakataa. Alisema mtu anayekwenda kuomba mke hapelekwi na dereva, atakwenda mwenyewe. Hapo Pruitt akamkumbusha kwamba rais mstaafu haruhusiwi kushika usukani barabarani. Baba akauliza kama sheria hiyo inagusa mashamba. Pruitt alifikiri sana. Naamini alikuwa anafikiria zile redio. Akasema mashamba hayajatajwa.

Hivyo ndivyo Rais wa zamani wa Marekani alivyotoka ghalani na trekta la marehemu babu yangu, lililokuwa halijawashwa tangu kiangazi cha mwaka juzi, likitoa moshi mweusi kama treni. Kavaa suti ya uzinduzi. Pruitt amesimama nyuma kwenye chuma cha kukokotea jembe, kashika kiti kwa mkono mmoja na redio kwa mwingine. Mimi nikifuata kwa miguu juu ya mabua ya mahindi yaliyovunwa, na kule barabarani magari mawili meusi ya walinzi yakienda nasi sambamba, mwendo wa kobe.

Kati yetu na Ardith kuna shamba la mzee Vondra. Alikuwa anatengeneza uzio. Alipoona msafara alivua kofia, akamtazama baba kwa muda, akamwambia waziwazi kwamba yeye hakumpigia kura mara ya kwanza wala ya pili, ila apite tu, mradi lango alifunge nyuma yake. Baba akamshukuru. Lango nikalifunga mimi.

Mama na Ardith walikuwa barazani wanamenya matofaa ya kutengenezea kolachi, vile vimkate vitamu vya matunda, beseni kubwa katikati yao. Trekta lilisikika tangu mbali, lakini mama hakuinua kichwa mpaka lilipozimika lenyewe karibu na ngazi.

Baba akashuka, akajifuta masizi, akaanza. Alisema katika maisha ya kila taifa na ya kila nyumba huja saa ya kutazamana kwa ukweli.

"Orval," mama akasema, "hapa hakuna kamera. Sema kama mtu."

Baba akasimama pale chini ya ngazi. Mtu huyu nimemwona akizungumza na watu laki moja bila karatasi. Sasa alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Lorna," akasema, "ukifa, utakubali kulala na mimi?"

Tofaa likamponyoka mama mdogo Ardith likabingirika mpaka kwenye viatu vya Pruitt.

Mama akaweka kisu chini. "Uliniposa kwenye mnada wa ng'ombe, baada ya kupita dume mmoja na kabla ya kuletwa wa pili. Nilidhani pale ndipo ulipofika mwisho. Kumbe ulikuwa na akiba."

"Najua. Lakini mara hii nimekuja mwenyewe."

"Umekuja. Nimeona." Akamwonyesha kiti, akampa kisu na tofaa. Baba akaketi, akaanza kumenya vibaya.

Ndipo mama akamweleza. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba alipokuwa Ikulu aliishi ghorofa ya juu na watalii wakipita chini, kutwa, miaka minne. Akikohoa, anasikia mtu anamwambia mwenzake, huyo ni yeye. Akipika supu, kesho yake supu imo gazetini. Sasa wanamjengea nyumba nyingine ya watalii, ila safari hii yeye ndiye atakuwa chini na wao juu, na watoto wa shule wamepanga foleni wanatafuna ubani juu ya kifua chake.

"Nikifa nataka mlango ufungwe," akasema. "Halafu kule kwa Mtakatifu Ludmila tuna mtu wetu tayari."

Baba akaacha kumenya.

Hili sikuwahi kulieleza katika sehemu zilizopita, kwa kuwa kwetu halizungumzwi. Kabla yangu mimi alizaliwa kaka yangu, Anton. Aliishi siku tisa. Baba alikuwa na miaka ishirini na sita, wakili mdogo wa kaunti, na hakuna aliyejua jina lake nje ya wilaya yetu. Walimzika katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Ludmila, nyuma ya ukuta, karibu na wazazi wa mama. Miaka ya kampeni, mshauri mmoja wa baba alipendekeza wapigwe picha pale, wameinamisha vichwa. Mama alimfukuza mshauri yule nyumbani kwa ufagio. Tangu hapo baba hakukanyaga tena kule, na mama alikwenda peke yake kila Jumamosi aliyokuwa Nebraska.

"Kando yake kuna nafasi moja," mama akasema. "Ni yangu. Miaka yote hii nikipalilia pale najua ninapalilia kwangu."

Niligundua kwamba mama mdogo Ardith ameacha kumenya. Yeye ndiye katibu wa kamati ya makaburi tangu mwaka jana, alipofariki mzee aliyekuwa akitunza ramani.

"Dada," akasema, "nafasi ile siyo yako."

Akaingia ndani, akarudi na karatasi ndefu iliyokunjwa, ya manjano kwa uzee. Akasogeza beseni, akaikunjua mezani. Vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na jina. Akaonyesha kimoja: Anton Tesarik. Cha pili yake kilikuwa na maandishi ya penseli, herufi zimelala upande, na kila Mmarekani aliyewahi kuona sheria ikitiwa saini anaujua mwandiko ule.

O. Tesarik.

Mama alitazama karatasi, akamtazama baba. "Uliandika lini?"

"Wiki ileile," baba akasema. "Jioni moja nilikwenda kwa yule mzee peke yangu. Sikukuambia. Nilidhani haitachukua siku nyingi nami nitamfuata, nikataka pawe tayari."

Pruitt akageuka akawa anatazama barabara, ambapo hapakuwa na hatari yoyote.

Mimi, nawaambia kweli, nilidhani sasa ndipo vita vinapoanza. Baba alikuwa na kitu anachokitaka mama, na mama alikuwa na kitu anachokitaka baba, kimechongwa tayari kwenye granaiti. Nimewahi kuona mikataba mikubwa ikianzia pabaya kuliko hapo. Hata mama naye aliona hivyohivyo, maana alijifuta mikono, akanyoosha mgongo, akasema, "Haya. Sharti lako nini?"

Baba akaomba penseli. Ardith akatoa ile ya nyuma ya sikio. Baba akaigeuza, akafuta jina lake kwa kifutio cha ncha ya nyuma, polepole, karatasi isije ikachanika. Akapuliza vumbi. Akaandika LORNA.

"Sina sharti," akasema.

Mama alikuwa amejiandaa kwa mapambano, na mtu amemnyang'anya adui.

"Na wewe utalala wapi?"

"Kule kwenye jiwe."

"Peke yako? Na wale watoto wa shule na ubani wao?"

"Mimi nimezoea watu," baba akasema.

Mama akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaishia kwenye aproni. Alipoitoa usoni macho yalikuwa mekundu. Akasema Jumapili atakaa jukwaani, na wafunike jina lake kwa maua mpaka mwashi aje alifute. Akasema pia kwamba baba anamenya tofaa kama anayechonga mguu wa kiti. Kisha akavua aproni, akamwuliza Pruitt kama lile trekta linabeba watu wawili.

Pruitt alisema kanuni hazijataja.

Wakaondoka. Baba usukanini, mama amekaa juu ya madigadi ya gurudumu, mkono mmoja begani kwa baba, Pruitt anatembea kando yao kwa hatua ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwaandikia habari hizi, nilihisi kwamba mambo yangu yamekaa sawa. Nikakaa, nikachukua tofaa kutoka kwenye beseni.

Mama mdogo Ardith alikuwa bado anaitazama ramani.

"Vizuri sana," akasema. "Tabu ni kwamba hii ni penseli. Kitabu chenyewe kiko kwa padri, na kile kimeandikwa kwa wino."

Nikamwambia si kitu, padri atabadilisha jina la baba aweke la mama.

"Kule hakuna jina la baba yako. Niliposikia shemeji anajengewa kaburi la granaiti, nikajua hii hataihitaji tena. Mwaka jana nikamwomba padri anipe mimi. Akaandika, akapiga muhuri wa jimbo. Nilizaliwa hapa, Marlys. Wazazi wangu nao wako pale. Na nafasi nyingine hakuna, ukuta umefika."

Nikalirudisha tofaa kwenye beseni. Nikamwuliza kwa nini hakusema wakati ule, mama na baba wakiwa wamekaa palepale mbele yake.

"Mara ya mwisho uliwaona wale wawili wameshikana bila mpiga picha lini?" akauliza. Nikatikisa kichwa. "Basi. Ningewakatiza vipi?"

"Lakini utawaambia."

Ardith akaikunja ramani, akaifunga uzi. Akasema yeye hatoki pale, na kuhama hahami, lakini kuwaambia siyo kazi yake. Akanitazama bila ubaya wowote, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Kupeleka maneno ndiyo kazi yako," akasema. "Kawaambie unavyoona inafaa. Wewe una kipaji hicho."

Kule mbali trekta lilikuwa limeshafika lango la mzee Vondra. Niliweza kumwona mama akicheka na mzee yule, na baba akishuka kulifungua lango mwenyewe. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaanza kukimbia juu ya mabua kuwafuata, na kwa kila hatua iliyonichoma nyayo nilijiuliza nikiwafikia nitafungua mdomo niseme nini.